Kilo Tatu za Majani Makavu

Kompyuta ya zahanati ya kiwanda haikuwa na tanuru la pili. Ilikuwa na la kwanza, ilikuwa na la tatu, ilikuwa hata na jiko la kantini na banda la baiskeli, lakini la pili halikuwemo. Sista aliyekuwa akijaza fomu ya ajali alipandisha orodha, akaishusha, akaipandisha tena, kisha akamgeukia mzee aliyesimama mlangoni na kofia ngumu mkononi.

"Hakuna, mzee. Nichague lipi?"

"La pili," alisema Penseli. "Ameungulia la pili."

"Nakuelewa. Lakini hapa ni kuchagua tu, siwezi kuandika la kwangu. Nisipochagua, fomu haitoki. Fomu isipotoka, gari haliondoki."

Gari la wagonjwa lilikuwa nje, chini ya dirisha, limeoshwa na kuoshwa tena kwa ajili ya wakaguzi waliotarajiwa keshokutwa. Dereva alikuwa amekaa mlango wazi, mguu mmoja chini, akikata kucha. Hospitali yenye wodi ya walioungua ilikuwa mwendo wa saa nne kwa gari lisilosimama njiani. Ilikuwa inakaribia saa tatu asubuhi. Mdogo wake Penseli alikuwa ameungua saa moja na dakika arobaini.

Alikuwa nyuma ya pazia, amelazwa kifudifudi. Ameungua kuanzia shingoni hadi kiunoni, na mikono yote miwili hadi vidoleni. Sista alikuwa amekata shati pale lilipokubali kukatika na kuliacha pale lilipokuwa limeshikana na mwili. Kiwandani walimwita Kinanda, kwa sababu hakuweza kufanya kazi bila kuvumisha wimbo puani, na wenzake walimtania kwamba chuma kikichelewa kuyeyuka ni kwa vile kinamsikiliza. Sasa kilichosikika nyuma ya pazia ni pumzi tu, fupi fupi.

"Kaka," aliita Kinanda. "Gari limefika?"

"Lipo hapa nje."

"Basi si twende?"

"Tunakwenda. Kuna karatasi kidogo."

Sista alipiga simu tanuru la kwanza kuomba waazime jina lao kwenye fomu. Msimamizi wa huko alikuwa na sauti ambayo haikuhitaji simu. "Msinibebeshe mtu wenu! Ubao wangu una siku mia nne na kumi na mbili bila ajali. Tukifika mia tano vijana wangu wanapata majaketi!" Tanuru la tatu simu iliita mpaka ikakatika yenyewe.

"Ngoja nimtafute kwa namba yake ya kazi," sista alisema. Alibonyeza, akasubiri, akasogeza uso karibu na kioo. "Mzee, mbona huyu si mtu wa matanuru? Huyu ni mtunza miti. Kitalu cha miche, mkataba wa miezi mitatu." Alishusha sauti. "Mtunza miti anaungua vipi na chuma?"

 Jibu Penseli alikuwa nalo, kuliko mtu yeyote pale kiwandani.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtu wa mizani. Chumba chake kilikuwa juu ya mikanda inayopeleka makaa ya mawe kwenye matanuru, chumba cha mabati chenye dirisha moja, meza moja, na vipimo vitatu ukutani ambavyo sindano zake zilitikisika mchana kutwa. Kila nusu saa aliinuka, akasoma uzito, akauandika daftarini katika safu tatu, tanuru kwa tanuru. Aliandika kwa penseli kwa sababu vumbi la makaa huziba kalamu ya wino, na kwa sababu aliyemfundisha kazi naye aliandika kwa penseli. Jina likamganda.

Zamani daftari lile halikuwa na msomaji. Kisha wanunuzi wakubwa wakaanza kuuliza habari za moshi. Hawakutaka tena chuma peke yake; walitaka kujua kila tani ya chuma imepeleka hewa ukaa kiasi gani angani, na mwenye kupeleka nyingi wakasema hawatanunua kwake. Hesabu yenyewe haina uchawi. Ukijua makaa yaliyoingia tanuruni, unajua moshi uliotoka. Ghafla ripoti nzima ya kampuni ikawa inaanzia kwenye daftari la Penseli, na yeye, kwa muda mfupi ambao sasa aliuonea aibu, alijiona mtu.

Ndipo tanuru la pili lilipozimwa. Lilizimwa kwa sherehe hasa, na utepe, na keki yenye umbo la tanuru, na mkurugenzi mkuu akakata bomba la moshi lililotengenezwa kwa sukari huku akipigwa picha. Miezi minne baadaye oda ziliongezeka na tanuru likawashwa, Jumapili moja asubuhi, bila keki. Kwa kuwa hakuna aliyetangaza kwamba limewashwa, hakuna aliyepata pa kuanzia kuuliza. Mlangoni pake waliweka vyungu vya maua. Maua yalinyauka kwa joto kila ifikapo adhuhuri na yakabadilishwa kila alfajiri, na hiyo nayo ilikuwa ajira ya mtu.

Tangu hapo daftari likawa na utaratibu wake. Wiki nzima Penseli aliandika kwa penseli kile alichokiona. Ijumaa alasiri ilikuja karatasi kutoka ofisi ya mazingira, yenye tarakimu za kuandikwa kwa wino, na katika karatasi hiyo safu ya tanuru la pili ilikuwa na kistari kifupi tu kila siku. Aliandika wino, kisha akafuta penseli. Alifuta vizuri. Alikuwa na kifutio cheupe alichokinunua mwenyewe, alijua kupuliza unga wake bila kuchafua ukurasa, na siku moja meneja alipomsifu kwa usafi wa daftari alitembea kwenda nyumbani akitabasamu.

Watu wa tanuru la pili nao walihitaji mahali pa kuandikwa. Kampuni ilikuwa na mpango wa kupanda miti ya kunywa moshi wake, mpango uliokuwa na kurasa nyingi kuliko miti. Wakala wa ajira akawasajili huko. Watu hamsini na wawili waliokuwa wakichokonoa chuma kinachochemka wakawa watunza miti, na wingi wao ukaingia kwenye ripoti kama ushahidi wa jinsi kampuni inavyoijali miti. Kinanda alipomaliza mwaka mzima bila kazi, ni Penseli aliyempeleka kwa wakala. "Utaandikwa bustani," alimwambia, "ila usije na jembe." Walicheka sana siku ile, yeye, mdogo wake na shemeji, mpaka chai ikapoa.

Meneja wa mazingira alifika zahanati saa tatu na robo, peke yake, akitembea haraka. Alikuwa mwanamke wa rika la binti yake Penseli, mpole, mwenye kusalimia hata wafagiaji. Hakwenda nyuma ya pazia. Alimshika Penseli kiwiko, akamtoa kwenye korido, wakasimama kando ya mtungi wa maji ya kunywa.

"Pole sana, mzee wangu. Pole mno."

"Asante, meneja. Nataka gari liondoke."

"Litaondoka. Hilo ndilo lililonileta. Nimeshazungumza na hospitali, wanamsubiri. Kilichobaki ni fomu iseme kitu ambacho kompyuta inakikubali."

"Iseme ukweli."

"Ukweli upi?" Hakupandisha sauti. "Kwamba tanuru lililozimwa limemuunguza mtunza miti? Nikiandika hivyo fomu inarudi. Itakwenda makao makuu, itarudi, itakwenda tena, na wewe utakuwa umekaa hapa na mgonjwa mpaka Jumatatu. Mimi natafuta njia ya leo."

"Njia gani?"

Meneja alitazama sakafu kwanza. "Watunza miti hufagia majani. Majani makavu mtu anaweza kuyachoma. Moto ukashika nguo. Mambo hayo hutokea."

"Kuchoma majani ni marufuku. Tangazo lenu limepigiliwa kila mti."

"Najua. Nililiandika mimi."

"Sasa si atakuwa amejiunguza mwenyewe? Na kosa juu?"

"Atapata onyo la maandishi, mzee wangu, basi. Lakini atakuwa ndani ya gari." Alisogea karibu. "Na ningeomba uandike wewe kama shahidi. Mwingine akija kuulizwa atababaika. Maandishi yako wakaguzi wanayaamini, wameyazoea."

"Nikikataa?"

"Sikulazimishi. Ila tukianza kuuliza huyu kijana alifikaje pale, tutamuuliza wakala, na wakala atasema aliletwa na nani." Simu yake ililia, akaizima bila kuitazama. "Na mimi nina watu juu yangu. Wamenipigia mara sita tangu saa mbili. Hakuna hata mmoja aliyeuliza hali yake."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Penseli alimwonea huruma, kisha akajichukia kwa kumwonea huruma.

"Kaka?" Sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Kaka, bado ile karatasi?"

Alirudi ndani. Sista akachagua kitalu na bustani, na kompyuta, iliyokuwa imenuna asubuhi nzima, ikafunguka mara moja. Chanzo cha moto: majani makavu. Kisha ikauliza jambo jingine, na sista akasita.

"Inataka uzito wa kilichoungua. Siku hizi kila moto lazima upimwe kwa ajili ya ripoti ya moshi. Kilo ngapi za majani?"

Meneja alimtazama Penseli. "Wewe ndiye mtu wa mizani."

Alijaribu kufikiria majani. Alijaribu kweli, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa: rundo la kufika magotini, lililokauka, lisilo na mawe ndani.

"Tatu," alisema. "Kilo tatu."

Akapewa kalamu ya wino, akatia sahihi. Gari la wagonjwa lilitoka saa nne kasoro dakika kumi, na dereva, ambaye kumbe alikuwa mtu mwema, aliendesha kama mwizi.

Shemeji alikuwa nje ya geti kubwa, mahali ambapo walinzi humsimamisha kila asiye na kitambulisho. Alikuwa na mfuko wenye chupa ya chai na shati safi. Gari lilikuwa limempita akiwa bado anabishana nao.

"Wameniambia alikuwa anachoma majani," alisema.

"Ndiyo, shemeji."

"Mume wangu mimi? Miaka tisa naishi naye, sijawahi kumwona na ufagio. Juzi nimemwomba aniwashie jiko, kaniambia moto anaouona kazini unamtosha."

"Shemeji, apone kwanza. Mengine baadaye."

"Nani aliyesema majani?"

"Imeandikwa."

"Sikuulizi kama imeandikwa."

Penseli alinyoosha mkono kuupokea mfuko. Shemeji aliuona ule mkono, na kwenye kidole cha shahada doa la wino mweusi, bado bichi. Alilitazama kwa muda. Kisha akaurudisha mfuko kifuani kwake na kwenda kutafuta usafiri wa kumfuata mumewe.

Mkanda haukuwa umesimama hata dakika moja. Penseli alipopanda kwenye chumba chake alikuta sindano ya pili inatikisika vilevile, na kutoka dirishani aliona mtu mwingine amesimama pale Kinanda alipokuwa amesimama asubuhi, akisogeza mguu kukwepa alama nyeusi ardhini. Sakafu ilikuwa bado na mchanga wa kuzimia moto.

Alifungua daftari. Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Tanuru la pili lilikuwa limelishwa makaa kupita kipimo siku tatu mfululizo, kwa kuwa oda ilikuwa imechelewa. Yeye aliliona hilo. Pembeni ya ukurasa, kwa herufi zake ndogo nadhifu, alikuwa ameandika kila siku neno lilelile: zaidi. Kila mtu wa matanuru anajua kwamba tanuru lililoshindiliwa hutafuta pa kutokea, na asubuhi ile lilikuwa limepata pa kutokea. Kwa nini hakupiga simu? Alijiuliza hivyo mara nyingi baadaye. Katika orodha ya simu iliyobandikwa ukutani kulikuwa na msimamizi wa tanuru la kwanza na msimamizi wa tanuru la tatu. Tanuru lililozimwa halina msimamizi. Aliandika neno lake, akaona ametimiza wajibu, akanywa chai.

Adhuhuri tarishi wa ofisi ya mazingira alileta karatasi. Ilikuwa na vistari, na chini yake maneno machache ya mkono: Leo si Ijumaa, lakini tafadhali futa leo.

Alifuta. Alianza na tarakimu, akamalizia na yale maneno matatu pembeni. Penseli yake ilikuwa imekandamiza karatasi, na hata baada ya kufuta, kidole kilipopita kiliweza kuhisi neno. Alipitisha kidole mara kadhaa, kisha akafunga daftari.

Jumatano hospitali ilimpigia simu. Kijana aliyejitambulisha kuwa karani wa wodi alieleza kwa adabu kwamba mgonjwa anahudumiwa kwa barua ya dhamana ya kampuni, na kwamba barua hiyo si ya moja kwa moja. Inatumwa kila siku saa kumi alasiri, kwa siku moja. Isipofika, mgonjwa atahamishiwa wodi ya kawaida, ambako hakuna dawa ya kuoshea vidonda vya namna ile. "Sijui kwa nini wameiweka hivyo, mzee. Nasi tunashangaa."

Penseli hakushangaa.

Alhamisi wakaguzi walikuja, wawili. Mwanamume alikuwa akipiga picha. Mwanamke, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, alikuwa mtu wa kazi kwelikweli; alipanda ngazi za chumba cha mizani bila kushika nguzo, akakataa kiti, akavaa miwani, akaomba daftari. Mkanda wa pili ulikuwa umesimamishwa kwa saa tatu na kufunikwa turubai. Meneja alisimama mlangoni.

"Nimepita pale chini kwenye tanuru la zamani," mkaguzi alisema huku akifungua kurasa. "Ukuta una joto."

"Jua, mama," alisema meneja. "Upande ule unapigwa na jua."

"Leo kuna mawingu."

 Penseli akasikia sauti, na ilikuwa yake. "Matofali ya tanuru huhifadhi joto, mama. Yanaweza kukaa nalo hata miaka." Ulikuwa uongo mzuri kuliko wa meneja, na ulikuwa umemtoka bila kujikwaa.

Mkaguzi alitikisa kichwa polepole. Alifika kwenye wiki ile. Akapitisha ukucha kwenye karatasi.

"Hapa pamefutwa."

"Nikikosea nafuta, mama."

"Unakosea sana kwenye safu ya pili."

Meneja alitazama saa yake ya mkononi. Hakufanya zaidi ya hapo. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili, na simu ambayo barua ilitumwa nayo ilikuwa mkononi mwake.

"Macho, mama," alisema Penseli. "Umri umekwenda. Namba za safu moja naziweka nyingine."

Mkaguzi alifunga daftari, lakini hakulirudisha. Alivua miwani. Alikuwa na uso wa mtu ambaye ameshadanganywa sehemu nyingi na bado hajakata tamaa. "Mzee wangu, nikuulize wewe, siwaulizi hawa. Umekaa hapa miaka mingi. Kuna kitu chochote kinachoungua kwenye kiwanda hiki ambacho hakimo kwenye hesabu?"

Kilikuwapo. Kilikuwa futi arobaini chini ya miguu yake, chini ya turubai, na kilikuwa kimelazwa kifudifudi mwendo wa saa nne kutoka pale, kikisubiri barua. Angeweza kumshika mama yule mkono, akamwongoza kidole mpaka pembeni ya ukurasa, akamwambia asome kwa kidole. Neno lilikuwa pale. Midomo yake ilifunguka. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane.

"Kuna majani," alisema.

"Majani?"

"Juzi mtunza miti alichoma majani makavu. Kilo tatu."

Mkaguzi alimgeukia mwenzake mpiga picha, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Umesikia? Wanahesabu hata majani." Akaandika. Meneja naye akaandika, kwenye simu, akabonyeza kutuma.

Ripoti ilitoka baada ya miezi miwili. Ilikuwa na jalada la kijani na karatasi ya kuteleza, na ukurasa mmoja ulibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kantini. Ulisema kwamba kwa mwaka wa pili mfululizo hewa ukaa ya kampuni imepungua, na kwamba wakaguzi wameridhishwa hasa na uwazi wa kampuni, ambayo haikuficha hata tukio dogo: mfanyakazi mmoja wa mkataba alichoma majani kinyume cha taratibu, na hatua za nidhamu zimechukuliwa. Watu wa tanuru la pili waliusoma wakiwa na sahani mikononi. Mmoja akauliza kwa sauti kama majani yalikuwa ya mchicha. Wenzake wakaendelea kula.

Barua ya nidhamu ililetwa nyumbani kwa Kinanda. Shemeji aliichukua mpaka kwa Penseli, akaiweka mezani mbele yake, na hakukaa.

"Nisomee. Nataka kuisikia kwa sauti yako."

Akamsomea. Mhusika anapewa onyo. Kwa kuwa ndiye aliyesababisha moshi usioidhinishwa, atapanda miche mia tatu katika eneo la kiwanda kama fidia kwa mazingira. Endapo hali ya afya haitamruhusu, mtu wa familia anaweza kumpandia. Dhamana ya hospitali itaendelea kadiri zoezi hilo linavyoendelea.

"Miche mia tatu kwa kilo tatu," shemeji alisema.

"Ndivyo walivyoandika."

"Na ule moshi wa pale juu, ambao nikianika nguo nyeupe naanua za kijivu, nani anaupandia miti?"

Penseli aliikunja barua kwa uangalifu, kwa mikunjo yake ileile ya mwanzo. "Anaendeleaje?"

"Vidole vimeshikana. Daktari anasema watavitenganisha, lakini si mara moja." Alichukua barua. "Nilimwambia aimbe kidogo, hata puani. Akaniambia kifua kinavuta ngozi ya mgongo."

Wiki iliyofuata shemeji alianza kupanda. Meneja wa mazingira alikuwa ameonyesha mahali pa kupanda, nafasi yote kati ya vyungu vya maua na ukuta wa tanuru la pili, ili wakaguzi wa mwakani wakute kijani. Aliingia kwa kitambulisho cha mumewe. Alichimba, akapanda, akamwagia maji, kumi kwa siku, na kila asubuhi alikuta ya jana imekunjamana na vumbi jeusi limetanda kwenye majani. Iliyokufa haikuhesabiwa. Alikuwa akiifuta iliyobaki kwa kitambaa, jani moja moja.

Ijumaa Penseli alikuwa dirishani akisubiri nusu saa ifike. Chini, shemeji alikuwa amemaliza mche wa mwisho wa siku. Aliinuka, akapangusa mikono kwenye kanga, akatazama huku na huku. Kisha akasogea ukutani, akaweka kiganja cha kulia kwenye matofali ya tanuru lililozimwa, akakiacha hapo.

Alikuwa akitazama juu, dirishani. Penseli alimwona akiuma meno. Mtu hawezi kuacha mkono wake pale, yeyote aliyewahi kupita anajua hivyo, lakini aliuacha mpaka mabega yakaanza kumtetemeka. Ndipo akautoa, akauinua juu, kiganja kikimwelekea Penseli, wekundu wake ukionekana hata kutoka kule juu. Hakuupunga. Aliuinua tu, akausimamisha hivyo.

Sindano ya pili ilikuwa imetulia kwenye namba kubwa. Penseli alirudi mezani, akaiandika. Akaandika na neno pembeni, zaidi, kisha akakaa akilitazama.

Mlango uligongwa. Tarishi aliingia, akaweka karatasi ya wiki juu ya daftari, akatoka. Vistari saba katika safu ya pili. Nje, mkono ulikuwa bado juu. Penseli alivuta droo, akatoa kifutio.